Kisu cha kambi kwa vijana wa Mombasa: jinsi ya kuchagua cha bei nafuu kitakachodumu

Likizo ya Agosti ikikaribia, walezi wa vijana hapa Mombasa huanza kupanga vitu vya kambi: mahema, sufuria, tochi, dawa ya mbu. Kisu huandikwa mwishoni kabisa, neno moja tu, kana kwamba visu vyote ni vya aina moja. Siku ya mwisho mtu hutumwa mjini, naye hurudi na kitu cheusi chenye meno ya msumeno mgongoni na dira iliyopachikwa mwishoni mwa mpini. Au hurudi na kisu cha kukunja ambacho kinachezacheza hata kabla hakijaguswa na kitunguu.

Mwongozo huu ni wa mlezi, mwalimu au mzazi anayenunulia kikundi cha vijana wa miaka 10 hadi 17 wanaokwenda kulala nje siku mbili tatu, iwe Shimba Hills, Arabuko-Sokoke, ufuoni Kilifi au Milima ya Taita. Msimamo wangu nausema mapema. Kisu cha kambi cha vijana wa Pwani kina maadui wawili, hewa ya chumvi na macho ya watu, na kile kinachowaweza wote wawili kwa bei ndogo mara nyingi kiko kwa muuza vyombo vya jikoni. Lile kabati la vioo lenye visu vya kijeshi lipite tu.

Hatua ya 1: Hesabu kazi kabla ya kuhesabu vijana

Kaa chini uandike kisu kitafanya nini hasa. Kwa kambi ya kawaida ya Pwani orodha huwa hivi: kukata kamba, kumenya viazi, kukatakata vitunguu na sukuma wiki, kupaa samaki na kumtoa matumbo, kufungua gunia la mkaa, kuchonga vigingi vya hema, na kuchana kijiti kikavu kiwe njiti za kuwashia moto. Hakuna hata kazi moja hapo inayodai bapa la zaidi ya sentimita 10. Kupaa samaki, kwa mfano, hufanywa vizuri kwa mgongo wa kisu kifupi, kwa sababu makali huingia kwenye ngozi na kumharibu samaki.

Kuna kazi mbili ambazo watu huzitaja wakitaka kuhalalisha kisu kikubwa. Ya kwanza ni madafu. Dafu ni kazi ya panga na mkono uliozoea, kwa hiyo muachie mwenye mnazi alifungue yeye, umlipe. Ya pili ni kupasua kuni. Kisu cha kijana si shoka. Anayekigongelea kwenye gogo kwa jiwe atakivunja, na kipande kinachoruka hakichagui jicho la nani. Beba mkaa au kuni zilizokwisha kupasuliwa.

Isitoshe, sehemu nyingi mnazokwenda haziruhusu kukata ovyo. Shimba Hills ni hifadhi ya taifa iliyo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na mti mbichi wa humo si wa kuguswa. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ina miiko yake iliyotangulia sheria yoyote ya serikali. Mikoko nayo ina wenyewe. Vigingi vya kuchonga vitokane na matawi makavu mliyokuja nayo. Mwarobaini huchongeka kwa urahisi na unafaa kwa mikono inayojifunza. Mvinje ni mgumu zaidi, lakini kigingi chake huvumilia kugongwa kwenye ile ardhi yetu ya mawe ya matumbawe.

Sasa idadi. Kikundi cha vijana sita hadi wanane kinatosheka na kisu kimoja cha kuchongea na viwili vya jikoni. Habari ya kila mtoto na kisu chake kiunoni siiafiki, hata kama picha zake hupendeza. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Wahenga hawakuwa na watoto wa wenzao arobaini chini ya hema moja.

Hatua ya 2: Ujue chuma unachonunua

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Visu vya bei ya chini hutoka katika makundi mawili ya chuma. La kwanza ni chuma cha kaboni. Hiki hushika makali vizuri, hunoleka upesi hata kwa jiwe la kawaida, na ndicho wahunzi wa jua kali hukipata wakifua visu kutoka springi za lori. Kasoro yake ni kutu. Mombasa, kisu cha kaboni kilichoachwa usiku mmoja nje ya hema karibu na bahari huamka na madoa ya rangi ya chungwa. Maji ya limau, ukwaju au embe bichi hukitia weusi palepale, na chakula kinachokatwa nacho huchukua ladha ya chuma.

La pili ni stenlesi. Chuma huitwa stenlesi kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Kromiamu hiyo hukutana na hewa na kutengeneza utando mwembamba mno juu ya bapa, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Lakini chumvi ni hasimu yake: kloridi iliyo kwenye maji ya bahari hutoboa utando huo mahali padogo padogo, na hapo kutu huchimba vishimo kama ncha ya sindano. Ndiyo maana utaona kisu cha stenlesi cha mvuvi kina vidoa vyeusi ingawa muuzaji aliapa kwamba hakishiki kutu. Stenlesi huchelewesha kutu, haiizuii milele. Hata hivyo, kwa vijana ambao wataosha kisu nusu nusu na kukirudisha kwenye ala kikiwa na unyevu, stenlesi ndiyo chaguo langu bila kusita. Kaboni waachie wale wakubwa watakaokipangusa bila kukumbushwa.

Ndani ya stenlesi pia kuna daraja. Stenlesi laini sana haishiki makali: unanoa asubuhi, jioni hakikati nyanya. Ngumu sana hushika makali muda mrefu lakini humeguka ikipindishwa, tena kuinoa kambini ni adhabu. Watengenezaji hupima ugumu kwa kipimo cha Rockwell, na kisu cha kazi za nje kinafaa kikiwa kati ya 54 na 58. Visu vya bei nafuu mara nyingi havina namba hiyo popote. Ukiikuta kwenye pakiti, isome. Usipoikuta, fuata majaribio ya hatua ya nne.

Nyongeza ndogo kuhusu sumaku, maana wengi huambiwa kinyume. Watu husema stenlesi halisi haishikwi na sumaku. Kwa masufuria mengi ni kweli, kwa visu ni kinyume chake. Stenlesi inayoweza kupashwa moto na kupozwa ghafla ikawa ngumu, ile ya kufaa makali, hushikwa na sumaku. Bapa ambalo sumaku inaliteleza kabisa huenda ni la chuma kile cha vijiko na masinki, na makali yake hayatadumu. Sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu inatosha kwa kazi hii. Itie mfukoni siku ya kwenda sokoni.

Hatua ya 3: Umbo, unene, msuka na mpini

Urefu wa bapa uwe sentimita 8 hadi 10. Unene mgongoni uwe kama milimita 2 hadi 2.5 kwa kisu cha kuchongea. Cha jikoni kinaweza kuwa chembamba zaidi, tena kikiwa chembamba ndivyo kinavyokata vitunguu vizuri. Bapa nene la milimita 5 huonekana la maana mkononi, lakini kwenye kiazi linapasua badala ya kukata.

Makali yawe ya mstari mmoja, bila meno. Kisu chenye meno hukata kamba na mkate, halafu siku kikiisha makali hakuna mtu kambini wa kukinoa. Meno ya msumeno mgongoni hayakati mti wowote. Kazi yake ni kumkwaruza kijana kidole gumba pale anapotaka kusukuma kisu kwa mgongo.

Ncha inategemea umri. Kwa wa miaka 10 hadi 12 tafuta kisu chenye ncha ya mviringo, au mwombe fundi aisage ncha kabla ya safari. Kwa wakubwa zaidi, ncha iliyoshuka kidogo kutoka mgongoni inatosha. Ncha ndefu nyembamba ya kuchomea haina kazi kambini, na kama tutakavyoona, ndiyo inayomtia askari wasiwasi.

Kisha msuka, yaani kile kipande cha bapa kinachoingia ndani ya mpini. Kisu kikivunjika, mara nyingi huvunjika hapo. Msuka ulio bora hufika mwisho wa mpini na unauona ukingoni, umebanwa na vipande viwili vya mpini kwa ribiti mbili au tatu. Kwenye visu vya mpini wa plastiki iliyomiminwa huuoni, lakini unaweza kuukisia: sawazisha kisu juu ya kidole pale bapa linapokutana na mpini. Kikiangukia upande wa bapa kwa nguvu, msuka ni mfupi na mpini ni mtupu. Vile visu vyenye dira na sindano za kushonea ndani ya mpini vina shimo mahali ambapo msuka ungekuwa. Hiyo ndiyo sababu sivitaki, hata nikipewa bure.

Mpini wa plastiki ngumu au mpira ndio unaofaa hali yetu ya hewa. Wa mbao hupendeza, lakini unyevu huuvimbisha, jua huusinyaza, na ribiti hulegea. Rangi iwe ya kung'aa: nyekundu, manjano, kijani cha limau. Kisu cheusi kikianguka kwenye majani makavu ya mivinje usiku, mtakitafuta kwa miguu. Pia hakikisha kuna kizuizi kidogo kati ya mpini na bapa, kidole kisiteleze mbele wakati mkono una mafuta ya samaki.

Kisu cha kukunja au kisichokunjwa? Kisichokunjwa. Hakina bawaba ya kujaa mchanga, hakina kufuli ya kuchoka, na hakijifungi juu ya vidole. Isitoshe, kisu kisichokunjwa hakifichiki, na kwa vijana hilo ni jema. Kama ni lazima ukunje, kiwe na kufuli. Kifungue, kishike mpini, bonyeza mgongo wa bapa polepole kama unayetaka kulifunga, vidole vikiwa mbali na njia yake. Kikilegea hata kidogo, kirudishe.

Kuhusu majina makubwa, nayapitia haraka. Mora ya Swidi hutengeneza visu visivyokunjwa vyepesi, vya mpini wa plastiki, vyenye bapa la karibu sentimita 10. Kwa kambi ni vigumu kuvishinda. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890, ina namba 7 ya watoto yenye ncha ya mviringo na ringi ya kufungia bapa lisijikunje juu ya vidole, ila mpini wake ni wa mbao na unyevu wa Pwani hufanya bapa ling'ang'anie ndani lisitoke. Victorinox ya Uswisi ni nzuri kwa kufungulia mikebe na kukaza skrubu, lakini visu vyake vingi vidogo vya mfukoni havina kufuli. Hivi vyote hapa kwetu bei yake huingia kwenye maelfu. Tramontina ya Brazili ndiyo utakayoikuta kwa urahisi zaidi kwa wauza vyombo, na kisu chake kifupi cha jikoni kinatosha kazi zote za hatua ya kwanza kwa mamia machache ya shilingi.

Hatua ya 4: Sokoni, kisu kikiwa mkononi

Anza na wauza vyombo wa Kongowea, Marikiti na maduka ya barabara za karibu na Mwembe Tayari. Nenda asubuhi kwenye mwanga, si jioni chini ya taa ya duka, na usiwe na haraka. Mazungumzo huenda hivi:

"Asalaam aleikum, ami."

"Waaleikum salaam, mwalimu. Karibu."

"Nionyeshe visu vifupi vya mpini wa plastiki, vya kumenyea na vya samaki. Ni vya vijana wa kambi."

"Vya kambi? Basi chukua hiki cheusi, cha jeshi. Vijana wavipenda sana hivi."

"Hicho waachie wenyewe, ami. Nitolee vile vya kwenye boksi. Na kipande cha gazeti, kama unacho."

Muuzaji mzoefu atacheka na kukuletea gazeti. Akikasirika kwa kuombwa gazeti, duka la pili liko hatua kumi mbele.

Shika kisu huku makali yakitazama juu, uelekee kwenye mwanga wa mlango. Angalia ule mstari wa makali kutoka kisigino, pale karibu na mpini, hadi nchani. Makali mazuri hayaakisi mwanga kabisa. Unaona mstari mweusi mwembamba. Ukiona kijidoa cheupe kinachometa, hapo pamelala au pamemeguka. Kisha shika gazeti kwenye pembe moja kwa mkono wa kushoto, liache lining'inie, ulipitishie kisu kuanzia kisigino hadi nchani bila kusukuma. Likikatwa kwa sauti ya mfululizo, sawa. Likishikwa na kuchanika katikati, sikiliza ni wapi, kisha urudi kuangalia mwangani. Sehemu iliyo butu kwa sababu ya kunolewa vibaya kiwandani inatengenezeka. Iliyomeguka kwa sababu chuma ni kibovu haitengenezeki.

Baada ya gazeti, tazama kisu kwa mgongo kama unavyotazama ubao kama umepinda. Bapa likiwa limekwenda upande, kiweke chini. Omba ruhusa, weka ncha juu ya kipande cha ubao, bonyeza taratibu hadi bapa lipinde kidogo sana, halafu achia. Linatakiwa lirudi lilivyokuwa. Likibaki limepinda, ni laini mno.

Gonga mwisho wa mpini kwa kiganja na usikilize: kitu kikicheza ndani, msuka haujabanwa. Pitisha kucha pale mpini unapokutana na bapa. Ufa unaoingia kucha ni nyumba ya chumvi na mabaki ya samaki, na kutu itaanzia humo, ndani kabisa ambako huioni. Mwisho, lowesha mkono kwa maji uushike mpini kwa nguvu. Uteleze sasa, dukani, usiteleze Shimba Hills.

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo sitakuwekea orodha. Kanuni yangu ni kwamba bajeti ya kisu igawanywe: theluthi mbili iende kwenye kisu chenyewe, theluthi moja kwenye ala na jiwe la kunolea. Kisu cha bei ndogo kilicho na ala nzuri na kinoo huishi kuliko cha bei kubwa kisicho navyo.

Ukitaka kumuunga mkono fundi wa jua kali, mwagize akufulie kisu kifupi kutoka springi ya gari, umpe vipimo vya hatua ya tatu kwenye karatasi. Mwambie akiache bila ncha kali. Kumbuka tu kwamba hicho ni chuma cha kaboni na matunzo yake ni ya kila siku.

Hatua ya 5: Ala

Ala ya ngozi ni nzuri kwa kuangalia, lakini ngozi hunyonya unyevu na chumvi na kuushikilia ubavuni mwa bapa. Hapa Pwani ni njia fupi ya kuozesha kisu. Chagua ya plastiki ngumu, yenye tundu chini la kutolea maji. Jaribio lake ni moja: igeuze juu chini na uitikise. Kisu kikianguka, ala hiyo haifai.

Visu vya jikoni huuzwa bila ala. Kata kipande cha bomba la maji la plastiki, kipashe moto juu ya jiko la mkaa hadi kilainike, kisha ukibane kati ya mbao mbili hadi kiwe bapa, ukiacha nafasi ya kisu. Fanyia nje, moshi wake si wa kuvuta. Toboa tundu chini kwa msumari wa moto. Ala imepatikana, na gharama yake haizidi nauli ya matatu.

Hatua ya 6: Safari, na macho ya watu

Miongozo mingi ya kambi iliyoandikwa ughaibuni haina habari ya hatua hii, nasi hatuwezi kuikwepa. Mitaa yetu kadhaa, Kisauni, Likoni na hata Mji wa Kale, imetajwa mara nyingi kwenye taarifa za habari kwa ajili ya magenge ya vijana wenye visu na mapanga. Kijana wa miaka 16 anayesimamishwa akiwa na kisu kiunoni hataulizwa kwanza kama anakwenda kambini. Kuwa na kisu cha kazi si kosa, lakini kukibeba hadharani bila sababu ya kueleweka kunaweza kukupeleka kituoni, na sababu ya kijana husikilizwa kidogo kuliko ya mtu mzima.

Kwa hiyo hakuna kijana anayebeba kisu kutoka nyumbani. Visu vyote vihesabiwe, viwekwe kwenye sanduku moja lenye kufuli pamoja na miiko, sufuria na vibao vya kukatia, na sanduku libebwe na kiongozi mtu mzima. Kikikaa kati ya vyombo, kisu kinaonekana kilivyo: chombo cha jikoni. Hapo ndipo mpini mwekundu wa plastiki unapolipa. Kiongozi awe na barua ya shule, msikiti, kanisa au kikundi, yenye tarehe, mahali pa kambi na idadi ya vijana.

Mkivuka Likoni, ukaguzi upo, sema mapema kabla mfuko haujafunguliwa, "Afande, tuna sanduku la vyombo vya kambi, lina visu vitatu vya jikoni, na hii ni barua yetu." Kutangulia kusema hubadilisha mazungumzo yote. Kwenye basi au matatu, sanduku liende kwenye buti. Kwa treni, usipange kabisa kupitisha kisu kwenye ukaguzi wa stesheni ya Miritini. Kama mnakwenda Voi kwa treni, nunueni visu mkifika, au vitangulie na gari la mizigo. Kwenye ndege, kisu hakiingii kwenye mzigo wa mkononi.

Jambo jingine: usivifunge visu kwa juala. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Kipande cha gunia au kanga kuukuu kinatosha, na hakibani unyevu.

Hatua ya 7: Kabla kijana hajakigusa

Mafunzo yafanyike mjini, siku kadhaa kabla, si usiku wa kwanza wa kambi. Mfundishe duara: anyooshe mkono wenye kisu kilichomo alani, azunguke pande zote. Asipomgusa mtu wala mti, hapo anaweza kufanyia kazi. Mtu akiingia kwenye duara lake, kisu kinarudi alani.

Anayechonga akae chini, viwiko juu ya magoti, kazi ikiwa mbele ya magoti. Kuchonga katikati ya mapaja ni marufuku kamili, kwa kuwa mshipa mkubwa wa damu hupita ndani ya paja na jeraha la hapo haliwezi kusubiri gari la kutoka porini. Kisu kisukumwe kwenda mbele, mbali na mwili. Kukabidhiana ni kwa mpini. Mpokeaji aseme "nimekishika" ndipo mwenzake aachie. Hakuna kutembea na kisu kilicho wazi, hakuna kukichomeka ardhini. Mchanga wa ufuoni huyamaliza makali kwa mchomo mmoja.

Mfuko wa huduma ya kwanza uwe karibu na kazi, si ndani ya gari. Mtu akijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi dakika kumi mfululizo bila kuchungulia, mkono ukiwa juu. Damu ikitulia, safisha kwa maji safi na ufunge. Jeraha lililoachama, damu inayoruka, au kidole kilichokufa ganzi ni safari ya hospitali. Kabla ya kambi, waulize wazazi kuhusu chanjo ya pepopunda.

Hatua ya 8: Kuosha, kupaka, kunoa

Kila jioni: maji yasiyo ya bahari, sabuni kidogo, kitambaa kikavu, kisha kisu kikae nje ya ala hadi unyevu uishe. Mtu akioshea baharini, na wataoshea, kisuuzwe kwa maji matamu kabla ya kulala. Paka tone la mafuta ya nazi kwenye bapa. Hapa Pwani hayakosekani, yanalika, na hayagandi kuwa gundi upesi kama mafuta mengine ya kupikia.

Kunoa si fumbo. Simamisha kisu wima juu ya kinoo, hiyo ni nyuzi 90. Kilaze hadi nusu, 45. Kilaze nusu tena, upate kama 22, na hapo ndipo pa kunolea. Shikilia pembe hiyo, sukuma kisu mbele kama unayetaka kukwangua jiwe ngozi nyembamba, mara tano upande huu, mara tano ule, maji yakiwa juu ya kinoo. Mkisahau kinoo nyumbani, pindua kikombe cha kauri: ile duara ya chini isiyopakwa rangi ya kung'aa, yenye mkwaruzo, hurudisha makali vizuri tu.

Ukimpa fundi wa kunoa anayepita mtaani na gurudumu lake, simama naye. Gurudumu likizungushwa kwa kasi bila maji, makali hupata moto. Yakigeuka rangi ya samawati, chuma cha hapo kimelainika na hakitashika makali mpaka sehemu hiyo isagwe yote. Mwombe aende taratibu na achovye kisu kwenye maji kila baada ya mpito mmoja au miwili.

Na ncha ikikatika, usikitupe. Watu wengi husaga upande wa makali ili kupata ncha mpya, na kisu huwa chembamba cha ajabu. Saga upande wa mgongo kwa tupa, ukiushusha kidogo kidogo hadi ukutane na makali pale yalipobaki, halafu maliza kwa msasa uliolowa. Kitakuwa kifupi kwa nusu sentimita, na ukiiviringisha ncha kidogo kinaweza kwenda kwa wale wa miaka 10.